Madai ya Ng'ambo, Makato ya Nyumbani

Yako maneno yaliyozoeleka sasa kwenye mahafali ya vyuo, kwenye semina za ujasiriamali na hata kwenye vikao vya ukoo: kijana aliyesomea uhasibu asisubiri ajira. Anunue kompyuta, anunue bando, atafute kazi ya mtandaoni. Katika kazi hizo, inayosifiwa kwa sauti kubwa ni ya kufuatilia madai ya matibabu kwa niaba ya kampuni za teknolojia ya afya zilizoko Marekani au Ulaya. Nimesikia ikisemwa hivyo kwa vijana wa Ruanda, kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Sikubaliani nayo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niieleze hoja yenyewe kama wenyewe wanavyoieleza, bila kuipunguza nguvu. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, na mahali pa kumwajiri mhasibu bado ni pachache: halmashauri, matawi ya benki ya Vwawa na Tunduma, vyama vya msingi vya kahawa, mawakala wa forodha wa mpaka wa Tunduma. Upande wa pili, Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo Kikuu cha Mzumbe kupitia kampasi zao za Mbeya hutoa wahitimu kila mwaka. Kazi ya madai haihitaji mtu awepo hospitalini. Mgonjwa ametibiwa, ankara imepelekwa kwa kampuni ya bima, na kinachobaki ni mtu wa kukaa mbele ya kioo aone ipi imelipwa, ipi imekataliwa na kwa sababu gani, airekebishe, aitume upya, apige simu. Malipo ambayo New York ni madogo, Ruanda ni makubwa. Kijana anabaki kwa wazazi wake, asubuhi anapalilia kahawa, jioni anafanya kazi ya dola, na hapotelei Dar es Salaam.

Hoja hiyo ina mvuto, na wengi wanaoitoa wana nia njema. Hata hivyo imejengwa juu ya mambo manne yasiyo ya kweli, na gharama ya makosa hayo inawaangukia watu wasio na akiba ya kuibeba.

La kwanza: kwamba mahali si kitu

Wanasema kazi hii inafanyika popote. Inafanyika popote penye umeme usiokatika na mtandao usioyumba, na masharti hayo mawili yanaondoa sehemu kubwa ya nchi hii. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Tanzania nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa.

Tazama nini kilimpata nani. Mtumishi wa halmashauri pale Vwawa alibaki na mshahara wake, kwa kuwa mwajiri wake yuko ndani ya tatizo lilelile na analiona kwa macho. Anayelipwa kwa idadi ya madai aliyoyashughulikia kwa ajili ya mteja wa ng'ambo alikosa kipato, na huenda alikosa hata njia ya kumjulisha mteja wake kwamba yu hai. Aliyeko mbali hapimi sababu, anapima madai yaliyofungwa. Kijana akishindwa kuonekana siku nne, kazi yake inapewa mtu wa Manila au wa Chennai, ambako biashara hii ina mizizi ya miaka mingi na watu wengi kuliko sisi.

Kuna pia ukinzani wa ile kahawa ya asubuhi. Ofisi za New York zikifungua saa mbili asubuhi, huku kwetu ni saa tisa alasiri katika majira yao ya kiangazi, na saa kumi katika majira yao ya baridi. Zamu yenye urefu wa saa tisa inaisha saa sita au saa saba usiku. Mteja akiwa California, zamu inaanza jua linapozama na kumalizika saa tisa au saa kumi za usiku. Mtu aliyemaliza kazi saa kumi alfajiri hashiki jembe saa kumi na mbili. Wanaowaambia wazazi kwamba mtoto atabaki nyumbani na kusaidia shamba hawajakaa na saa mkononi wakapiga hesabu. Mtoto atabaki nyumbani kweli, akiwa amelala wakati wenzake wako macho na macho wakati wenzake wamelala.

La pili: kwamba dola ni mshahara

Mshahara ni kile kinachobaki baada ya mwajiri kubeba vyake. Ofisi yoyote hubeba pango, umeme, vifaa, mtandao, fundi, likizo, ugonjwa na uzee wa mfanyakazi. Kazi ya mbali, kwa jinsi inavyotolewa kwa vijana wetu, huandikwa kama mkataba wa mtoa huduma binafsi, na kwa sentensi hiyo moja mizigo yote hiyo inahamia Ruanda. Kompyuta ni yako. Betri ya kuvukia umeme unapokatika ni yako. Bando ni lako, na laini ya pili ya mtandao mwingine kwa siku ule wa kwanza unapolegea ni yako pia. Makato ya kuhamisha fedha kutoka nje, tofauti ya viwango vya kubadilisha, ada ya wakala wa simu: vyote vyako. Kiasi kilichotangazwa kwenye tangazo la kazi hakijawahi kuwa kiasi kilichofika mkononi.

Na uzeeni? Mwajiriwa wa sekta binafsi nchini huchangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo mwajiri na mfanyakazi kwa kawaida huigawana nusu kwa nusu. Mtoa huduma wa mbali akitaka akiba hiyo, anajichangia peke yake kama mtu aliyejiajiri, na wengi hawafanyi hivyo kwa sababu mwezi huu kuna bando na mwezi ujao kuna betri.

Linaloniuma zaidi ni la matibabu. Kijana anakesha akihakikisha hospitali ya Ohio inalipwa kwa upasuaji wa nyonga, na mkataba wake mwenyewe haumpi bima hata ya malaria. Akiugua wiki mbili, hapati kipato, na dawa ananunua kwa fedha taslimu. Sekta inayoendeshwa na bima ya afya inajengwa juu ya migongo ya watu wasio na bima ya afya, na tunaombwa tuite jambo hilo fursa.

La tatu: kwamba sheria inamlinda

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inamzuia mwajiri kumfanyisha kazi za usiku mama mjamzito katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukipima zamu za Marekani kwa sheria hiyo, kati ya saa nne na nane za kila zamu ni za usiku.

Lakini mwajiri wa kumdai nyongeza hiyo yuko wapi? Hajasajiliwa hapa, hana ofisi hapa, hana mali hapa, na kwenye karatasi si mwajiri. Mfanyakazi akipeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua ya wito itapelekwa anwani gani?

Wanaodhani nakuza mambo watazame Nairobi. Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya Sama, aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, katika mahakama za Kenya. Meta ilijibu kwamba haina makazi Kenya na hivyo haiwezi kushtakiwa pale. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba inaweza. Meta ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Zaidi ya miaka miwili ilipita katika swali la kama kampuni hiyo inaweza kuitwa mahakamani hata kidogo, kabla ya kufika kwenye madai yenyewe. Na hao walikuwa wafanyakazi wengi, waliokaa jengo moja, katika jiji kubwa, wakisaidiwa na mawakili na magazeti ya dunia. Kijana mmoja wa Ruanda, chumbani kwake, atasimama na nani?

Sheria inambana yeye upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Marekani nayo ina sheria yake ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa. Kwenye kioo cha kijana huyu yanapita majina ya watu, tarehe zao za kuzaliwa, magonjwa yao ya akili, matokeo ya vipimo vyao. Anayafungua katika nyumba ambamo wadogo zake wanaingia na kutoka, kwenye kompyuta ambayo jirani aliiazima jana kuandikia barua ya maombi ya kazi. Februari 2024 wadukuzi waliivamia Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya bima, na hospitali nchi nzima zikakaa wiki kadhaa bila kuweza kupeleka madai yao kama kawaida. Kampuni yenye mabilioni ya dola ilishindwa kufunga mlango. Siri zikivuja kutoka chumba cha Ruanda, mkataba utamtaja nani? Utamtaja aliyesaini, na haki zile za mwajiriwa hazitakuwapo kumtetea.

La nne: kwamba ujuzi ni ujuzi

Wanasema hata malipo yakiwa madogo, kijana anajifunza. Anajifunza nini hasa? Biashara ya kufuatilia madai Marekani ni kubwa kwa sababu nchi ile ina bima nyingi zinazoshindana, kila moja na masharti yake, na kila moja ina faida ikichelewesha au ikikataa. Hospitali huajiri watu wa kubishana na bima, bima huajiri watu wa kubishana na hospitali, na kinachobaki kikiwa hakijalipwa humrudia mgonjwa. Mwaka 2022 taasisi ya serikali ya huko inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilieleza kwamba madeni ya matibabu ya dola bilioni 88 yalikuwa kwenye kumbukumbu za mikopo za Wamarekani. Kijana wetu anajifunza misimbo ya ankara zao, sababu za kukataliwa kwao, majina ya bima zao. Vwawa hakuna wa kumuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, kuangalia kama dai limelipwa na kuingiza malipo kwenye daftari ni kazi ambazo kampuni zilezile zinazipeleka kwa kasi kwenye programu zinazojiendesha. Tunamfundisha mtu ngazi ya chini kabisa ya mfumo wa watu wengine, wakati ngazi hiyo inakatwa.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Hapa nyumbani tunadai nani?

Ingia zahanati yoyote ya wilaya ya Mbozi. Mgonjwa mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) amefika. Kadi inahakikiwa, anatibiwa, na dai linaandikwa kwenye fomu ya 2A na B au kwenye mfumo: namba ya kadi, ugonjwa, vipimo, dawa, bei, saini. Mwisho wa mwezi madai yanakusanywa na kupelekwa. NHIF inayakagua. Saini ikikosekana, inakata. Dawa isipoendana na ugonjwa ulioandikwa, inakata. Huduma ikiwa ni ya ngazi ya hospitali na imetolewa zahanati, inakata. Bei ikizidi ya kitita, yaani orodha ya huduma na bei za mfuko, inakata. Kila anayefanya kazi kwenye vituo anajua neno makato, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeyataja mara kwa mara madai ya hospitali za umma yaliyokataliwa.

Fedha iliyokatwa ilikwisha kutumika. Dawa ilishatoka Bohari ya Dawa, ikamezwa. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kila kituo kina hesabu zake, na kilichopotea kwenye madai kinaonekana kwenye rafu ya dawa. Mama anayeambiwa "dawa hiyo kanunue duka la nje" anaweza kuwa analipia fomu iliyojazwa vibaya miezi mitatu iliyopita.

Fomu hiyo iliandikwa na nani? Mara nyingi na muuguzi aliyetoka kuzalisha, au na mganga mfawidhi ambaye siku hiyohiyo ameona wagonjwa, amepokea chanjo na ameandika ripoti ya mwezi. Huyo ndiye mhasibu wa madai wa zahanati zetu. Dai lililokatwa lina nafasi ya kujibiwa kwa maelezo na vielelezo, lakini kujibu kunataka mtu wa kutafuta jalada, kumuuliza aliyetibu, kusahihisha na kufuatilia. Hayupo. Mkulima wa Mbozi aliyepeleka kahawa yake chama cha msingi hamwachii stakabadhi mtu asiye na muda wa kuisoma, lakini zahanati zetu zinafanya hivyo kila mwezi.

Na kazi inakuja kwa wingi zaidi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na shabaha yake ni kila mkazi wa nchi hii awe na bima. Hadi juzi kaya ya watu sita ilikuwa ikijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi hawakujiunga, wakalipa taslimu dirishani. Sheria ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, kila anayelipa taslimu leo anageuka kuwa dai kesho. Vituo vitahitaji watu wa madai kuliko wakati mwingine wowote. Katika saa hiyohiyo tunawasimamisha wahitimu wetu jukwaani na kuwaambia wageukie Ohio.

Wapo watakaojibu kwamba kompyuta itamaliza tatizo, kwamba mifumo kama GoTHoMIS, unaotumika kwenye vituo vya umma, na ile ya NHIF ikiunganishwa vizuri hakutahitajika mtu. Kenya ilifanya jaribio hilo kwa fedha nyingi. Mamlaka yao mpya ya bima, SHA, ilianza Oktoba 2024 ikiwa na mfumo wa kidijitali uliotajwa kugharimu shilingi za Kenya bilioni 104.8. Februari 2025 hospitali binafsi zilitangaza kusitisha baadhi ya huduma kwa wanachama wake, zikilalamikia madeni. Hata kwetu, vituo binafsi vilipogoma kupokea kadi za NHIF kuanzia tarehe 1 Machi 2024 kwa sababu ya bei za kitita kipya, ugomvi ulikuwa wa watu na fedha, na wagonjwa walirudishwa mlangoni kompyuta zikiwa zinawaka. Mfumo unapeleka dai upesi zaidi. Hauendi kumuuliza muuguzi kwa nini aliandika dawa ya shinikizo la damu kwenye fomu ya mtoto wa miaka miwili.

Kwa hiyo kazi hii, inayosemwa haina mahali, ina mahali kabisa. Inafanywa vizuri na mtu aliye karibu na jalada, anayemfahamu mganga, anayeweza kupanda bodaboda kutoka Ruanda hadi Iyula au Nanyala kutafuta saini iliyosahaulika kabla muda wa kupeleka madai haujapita. Mhitimu mmoja mwenye stashahada ya uhasibu, akifundishwa kitita na kupewa zahanati chache za kata jirani, angeokoa fedha ambazo leo zinapotea kimya kimya. Halmashauri inaweza kumlipa kutokana na sehemu ya kile anachokiokoa, kwa mkataba wa nchi hii, wenye NSSF, bima, na mwajiri mwenye anwani.

Nitaulizwa: je, kijana aliyekwisha pata kazi ya ng'ambo aiache? Simwambii aiache. Mwenye njaa hachagui zamu, na sina haki ya kumnyang'anya mtu mkate wake. Ugomvi wangu ni na wanaosimama mbele ya vijana mia moja na kuwapa bahati ya mmoja kama sera ya mkoa. Kiongozi anayesema "nendeni mtandaoni" amejivua jukumu la kuunda hata nafasi moja ya kazi, na bado anapigiwa makofi.

Nawaomba madiwani wa Mbozi jambo moja. Kikao kijacho cha baraza kule Vwawa kikifika kwenye taarifa ya afya, mwombeni mganga mkuu wa wilaya aeleze, kituo kwa kituo, ni kiasi gani cha madai ya bima kilikatwa mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilijibiwa, na jina la cheo cha aliyepewa kazi ya kukijibu. Jibu la swali la tatu ndilo litakaloonyesha nafasi za ajira ziko wapi.